Mbio Moja, Upepo Mmoja

Tangu nistaafu, vijana walioshika kazi yangu ya kuanzisha mbio uwanjani hunipigia simu kuniuliza mambo yasiyoandikwa kwenye kanuni. Juzi mmoja aliniuliza, "Mama Zuhura, uliwezaje kuanzisha mbio miaka yote hiyo bila kugombana na watu?" Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Niligombana nao sana. Wapo ambao hadi leo tukikutana soko la Majengo hugeukia nyanya na kuzichagua kwa makini mno, mpaka nipite.

Kwa hiyo naandika. Habari za vyeo naziacha kwa waliovipata. Nitasema ya uwanjani, na hasa ya mbio fupi, maana huko ndiko fitina iliko. Mkimbiaji wa mbio ndefu akionewa kidogo, ana mizunguko ya kujirudishia haki yake. Wa mita mia akionewa unyayo mmoja, basi. Kabla hajainua kichwa, watu wameshapiga makofi.

Mimi ni mzaliwa wa Busi, Kondoa, Mrangi wa baba na mama. Nilipopangiwa kufundisha shule moja nje kidogo ya Dodoma mjini, mwalimu mkuu alinitazama kuanzia miguuni, akapanda, akasema, "Kwa urefu huu, wewe utakuwa wa michezo." Huo ndio usaili nilioufanya.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Kibaigwa, kwenye mashindano ya shule, kiwanja kilichokuwa nyuma ya soko la mahindi. Chokaa ilikuwa imeisha, wenyeji wakachora njia za wakimbiaji kwa pumba. Wazo halikuwa baya, ila hakuna aliyewafikiria mbuzi. Tulipotoka kunywa chai tulikuta mstari wa njia ya kwanza umelambwa wote. Mkimbiaji wa njia hiyo akahamia ya jirani yake bila kujua, wakagongana, na wazazi wao nao wakagongana.

Nilikuwa nimepewa kushika utepe wa kumalizia. Mzee mmoja mwenye bastola ya kuanzishia mbio alikuja kusimama kando yangu. Huyo ndiye Mzee Chilongani, Mgogo mwembamba, mzee wa kanisa, aliyekuwa ameanzisha mbio tangu enzi za kugonganisha mbao mbili.

"Binti, unawatazama akina nani?" aliniuliza.

"Wakimbiaji, mzee."

"Hao wanatazamwa na kila mtu. Wewe watazame wenye saa."

Nikawatazama. Mmoja alikuwa anabonyeza saa yake akisikia mlio, mwingine akiona moshi wa bastola. Moshi huonekana mara moja, ila mlio hukawia kidogo kufika mwisho wa uwanja. Mwenye kusubiri mlio humpunguzia mkimbiaji wake muda, na mtoto anaonekana ana kasi kumbe saa ndiyo iliyochelewa kuamka. Mzee alisema wengine hawajui, na wengine wanajua vizuri sana.

Nilifanya naye kazi mpaka alipochoka. Alinifundisha kupima njia kwa utepe wa chuma, si kwa kamba ya magunia, kwa sababu kamba ikilowa inakuwa na maoni yake. Alinifundisha kusimama mahali ambapo naona mikono yote iliyo chini kwa jicho moja. Pia alinifundisha kukagua umri wa watu. Kuna mashindano ya vijana wadogo ambapo mshindi alikuwa na ndevu zilizonyolewa asubuhi ile ile. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa safi. Tulikuwa bado tunajadiliana, mtoto mdogo akachomoka kwa watazamaji, akamkumbatia mshindi miguuni, akapaza sauti, "Baba! Baba umewashinda!" Mzee Chilongani alifunga kikao hapo hapo.

Moyoni kazi hii ya kushuku ilikuwa inanisumbua. Nimelelewa kuambiwa kwamba dhana mbaya juu ya watu ni dhambi, na hapa nalipwa nidhani vibaya kutwa nzima. Nilimweleza. Akafikiri, akasema, "Basi watu waache. Wewe shuku kamba, shuku saa, shuku upepo. Ukivimaliza hivyo, watu watajionyesha wenyewe."

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka kulisema, maana ndilo ninaloulizwa zaidi, na kila anayelisimulia mjini hulisimulia kivyake.

Mzee Chilongani alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mimi nilikuwa afisa michezo, na kila yalipofanyika majaribio ya kuchagua timu ya taifa hapa Dodoma niliitwa kuanzisha mbio. Mwaka huo walitakiwa wasichana wawili wa mita mia. Waliofika walikuwa wengi, wakagawanywa makundi mawili, moja la asubuhi, jingine la mchana. Tuliambiwa kwamba baada ya hapo wangekimbia fainali moja.

Asubuhi alikimbia Madeje, binti wa Hombolo, mtoto wa wakulima wa zabibu, mwenye mapaja mazito na aibu nyingi. Mnaujua upepo wa Dodoma miezi ile ya kiangazi: unatoka mashariki, hauna adabu, na haupumziki. Sisi tulikuwa tunaanzia magharibi, kwa hiyo wasichana walikimbia nao ukiwapiga usoni. Madeje alishinda kundi lake kwa mbali, lakini muda wake ulikuwa wa kawaida tu. Nilimwona akimaliza ameinamisha kichwa kama mtu anayesukuma mlango.

Saa ya chakula upepo ulilinyanyua hema la wageni, nguzo moja ikaanguka karibu na meza ya soda. Mjumbe mmoja wa kamati ya uteuzi akaagiza hema lihamishiwe upande wa magharibi, penye ukuta. Mjumbe huyo watu wote tulimwita Baba Grace, kwa sababu binti yake Grace alikuwa mkimbiaji hodari tangu shule ya msingi. Grace alikuwa kundi la mchana.

Baba Grace alinifuata mwenyewe. "Mwalimu, mchana huu anzia kule mashariki. Wamalizie huku, wageni waone."

"Upepo utakuwa mgongoni," nikamwambia.

"Upepo ni wa Mungu, mwalimu."

"Hema ni la nani?"

Akacheka, akanipiga begani kidogo, akaondoka. Hapa kwetu mstari wa kumalizia hufuata viti vya wageni. Sikuwa naona jambo hilo kwa mara ya kwanza. Nikajisemea, kama kuna fainali, haidhuru, wote watakutana. Ila nilikwenda kumtazama kijana wa kipima upepo. Akaniambia betri zake zimekwisha tangu asubuhi. Nikamuuliza dukani hakuna betri? Akasema hakutumwa.

Nikaanzisha. Wasichana wa mchana walipaa. Grace alikuwa wa kwanza, na wa pili alikuwa Stella wa Kibaigwa, msichana mwembamba ambaye mama yake anauza uji sokoni kwa wapakiaji wa mahindi. Wote wawili walipata muda bora kuliko wa Madeje.

Hatukuwa tumepumua vizuri, kipaza sauti kikatangaza kwamba kwa kuwa muda umekwenda na wageni wana safari, fainali imefutwa. Timu itachaguliwa kwa kulinganisha muda wa makundi mawili. Waliochaguliwa ni Grace na Stella.

Uwanja haukupiga kelele hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu watu wakipiga kelele huwa bado wanategemea kitu.

Nilikwenda kwa mwamuzi mkuu, mtu mpole aliyependa siku iishe salama. Nikamwambia huwezi kulinganisha aliyekimbia usoni mwa upepo na aliyesukumwa mgongoni. Akasema, "Najua, dada. Lakini wewe ni mwanzishaji. Malalamiko yanaletwa na mkimbiaji au kocha wake. Wakileta kabla sijafunga mashindano, nitasikiliza."

Nikamfuata Madeje. Alikuwa amekaa kando ya simtanki la maji na kocha wake, Mwalimu Ulanga.

"Shikamoo, mwalimu," Madeje akasema, akitaka kusimama.

"Marahaba, kaa. Umeuona ule upepo?"

"Nimeuona. Ulikuwa unanizuia kifuani kama mkono wa mtu."

"Nenda kalalamike. Mwamuzi anakusubiri."

Akamtazama kocha wake. Mwalimu Ulanga alikuwa anachora chini kwa kijiti. "Dada Zuhura," akasema, "mwakani nina wasichana wengine wa kuleta hapa. Nikilalamika leo, mwakani vyeti vyao vitaonekana vina kasoro. Unajua mambo yanavyokwenda."

Nilijua. Hata mimi ningemshuku mtu ambaye angemwahidi kwamba halitatokea.

"Na mimi nikilalamika je?"

Aliyesema alikuwa Grace. Alikuwa amekuja kujaza chupa, amesikia yote.

"Wewe umechaguliwa," nikamwambia.

"Ndiyo maana nauliza, mwalimu. Mimi ni mkimbiaji. Kanuni inaniruhusu?"

"Inakuruhusu. Lakini wakirudia mbio unaweza kuikosa nafasi."

"Tangu niko darasa la sita, kila nikishinda watu wanageuka kumtazama baba," akasema. "Hata mimi mwenyewe siku nyingine nageuka. Sijawahi kujua kama nakimbia au nakimbizwa."

Nitasema kweli yangu: sikumwamini papo hapo. Nilifikiri ametumwa, kwamba kuna mpango mwingine ndani ya mpango, labda Baba Grace anataka jina lake lisafishwe mbele ya wageni. Kazi hii inamfanya mtu aione sadaka na atafute mtego. Nikamwambia tu, "Basi nenda. Mwamuzi yuko mezani."

Akaenda, chupa mkononi. Nilimfuata kwa mbali. Baba Grace alikuwa tayari amesimama.

"Grace, rudi ukakae."

"Nimeshamwambia mwamuzi, baba. Naomba tukimbie wote pamoja."

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

Akanitazama mimi juu ya bega la binti yake, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyepanga jambo hilo. Hapo ndipo nilipojua kwamba msichana alikuwa peke yake. Baba Grace akanijia. "Mwalimu Zuhura, wewe wa Kondoa, yule binti wa Hombolo. Si ndugu yako, si mwanafunzi wako. Unatafuta nini?"

"Natafuta mbio moja, upepo mmoja."

"Na mwanangu akianguka?"

"Atakuwa ameanguka yeye."

Mwamuzi mkuu akakubali. Wageni wakaambiwa wasubiri kidogo, na ajabu ni kwamba walisubiri. Ile safari haikutajwa tena. Walio bora wa makundi yote mawili wakaitwa kwenye mstari, kule kule mashariki. Mwelekeo sasa haukuwa na maana, kwa kuwa upepo ungempiga kila mtu mgongoni.

Nilipopanda kijukwaa changu cha kuanzishia nilimkuta Baba Grace amesimama kando ya mstari, simu imenyanyuliwa, ananirekodi mimi na si wakimbiaji. Upande wa pili Mwalimu Ulanga naye amenikazia macho. Nilikuwa nimewashuku watu uwanja mzima, sasa ikawa zamu yangu.

"Kwenye alama zenu!"

Wakapiga magoti. Grace alikuwa njia ya katikati, Madeje kushoto kwake, Stella kulia.

"Tayari!"

Viuno vikapanda. Bastola ilikuwa juu, kidole kinaanza kukaza, nikaona bega la Grace linatikisika. Halikuwa jambo kubwa, lakini nililiona. Nikashusha bastola bila kupiga. "Simameni!"

Jukwaa likalipuka. "Ameibia! Grace ameibia! Mtoe huyo!" Kanuni ya siku hizi haina huruma: ukiondoka kabla ya mlio, unatolewa, hakuna onyo. Baba Grace alishusha simu, uso umekuwa majivu. Grace alisimama mikono kiunoni, anasubiri nimtoe. Nadhani alikuwa ameshajitoa mwenyewe.

Lakini kutikisika si kuondoka. Mikono yake ilikuwa chini, miguu yake ilikuwa bado imeshika vibao vya kuanzia, na mimi nilikuwa sijapiga. Mtu anayetetemeka hajaiba kitu. Nikanyanyua kadi ya kijani, maana yake hakuna mwenye kosa, tunaanza upya.

"Kabebwa tena!" mtu akapaza sauti jukwaani. "Na mwalimu naye ni wao!"

Hiyo ndiyo shukrani ya kazi hii. Aliyekuwa ananishuku kwamba nataka kumtoa binti yake, na aliyekuwa ananishuku kwamba nataka kumbeba, wote sasa walikuwa wananikodolea macho mimi. Nikamsogelea Grace, nikamwambia kwa sauti ambayo wenzake pia waliisikia, "Vuta pumzi. Hujafanya kosa." Kisha nikawaambia wote hivyo hivyo, mmoja mmoja, ili asiwepo wa kusema nimemnong'oneza mtu.

"Kwenye alama zenu! Tayari!"

Safari hii walitulia kama mawe. Nikapiga.

Mwanzishaji huwaona wakimbiaji kwa migongo. Niliona mgongo wa Madeje ukitoka wa kwanza na haukurudi tena. Bila mkono ule kifuani alikuwa mtu mwingine kabisa. Grace na Stella walikwenda bega kwa bega mpaka karibu na mwisho, kisha Grace akachomoa kifua. Bendera ikanyanyuliwa, majina yakasomwa: Madeje wa kwanza, Grace wa pili, Stella wa tatu.

Watu walimtazama Grace. Baba yake alikuwa bado huku mashariki karibu nami, mbali na kila mtu, na hakuna aliyegeuka kumtafuta. Grace alilia huku anacheka, Madeje akamshika mkono, naye bado ana aibu zake. Ningependa niishie hapo, na wengi wanaoisimulia habari hii huishia hapo.

Nilikuwa nafungua vibao vya kuanzia, Stella akaja kuchukua koti lake alilokuwa ameliacha nyuma ya mstari.

"Mwalimu," akasema, "kwani mimi niliiba?"

"Hukuiba, mwanangu."

"Basi mbona nimenyang'anywa? Nimeshampigia mama simu. Ameshawaambia sokoni. Wamempigia vigelegele kwenye masufuria ya uji."

Niliwahi kuwajibu wakuu wa wilaya, niliwahi kuwajibu wazazi waliokuja na fimbo. Huyu nilishindwa. Ningemwambia kwamba nafasi ile haikuwa yake, ni upepo ndio uliompa. Lakini yeye hakuuomba upepo, wala hakulihamisha hema. Nilimsaidia kuvaa koti, basi. Akaondoka na wenzake wa Kibaigwa, na mimi nikabaki nimeshika nyundo na vibao, sioni pa kuviweka.

Mnaniuliza kama Baba Grace alilihamisha hema kwa makusudi. Sijui mpaka leo. Nguzo ilianguka kweli, niliiona kwa macho yangu. Ukuta ulikuwa magharibi kweli. Inawezekana alikuwa anaukimbia upepo tu kama sisi wote. Inawezekana pia betri huwa zinaisha zenyewe, na wageni huwa na safari zinazokuja na kuondoka. Nimeyapanga mambo hayo kichwani mara nyingi, na kila nikiyapanga yanakaa vizuri pande zote mbili. Yeye mwenyewe hakuniuliza wala kunieleza. Ni mmoja wa wale wa nyanya za Majengo.

Wasichana walisafiri. Kule walikokwenda walitolewa mapema wote wawili, wakarudi na suti za michezo na mafua ya baridi. Madeje sasa anasoma chuo. Grace aliendelea kukimbia, akawa anashinda na anashindwa kama watu wengine, na aliniambia siku moja kwamba kushindwa kwenyewe kumekuwa kutamu kidogo. Kamati nayo ilitoa utaratibu mpya kwamba timu haitachaguliwa tena kwa kulinganisha makundi. Lazima fainali ikimbiwe. Haikusemwa kwa nini. Mambo mazuri hapa petu huingia kimya kimya, kama vile yamekuwepo siku zote.

Mwaka uliofuata ulikuwa wangu wa mwisho na bastola. Majaribio yalikuwa pale pale, upepo ule ule. Niliposogea kukagua mikono kwenye mstari, niliyemkuta njia ya nne alikuwa Stella. Alikuwa amekomaa, mabega yamefunguka. Sikutegemea salamu, lakini alinipa shikamoo, nikaitikia. Hakuinama kwenye vibao kama wenzake. Alitazama hema lilipo, akatazama bendera ya kona inavyopeperuka, akawahesabu kwa macho wasichana waliokuwa kushoto na kulia kwake. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, hii ndiyo fainali? Hakuna wengine watakaokimbia baadaye?"

"Ndiyo hii. Wote mko hapa."

Alinikazia macho kwa muda, anapima kama nasema kweli, na nilimwacha apime mpaka aridhike. Ndipo akapiga goti.